Samsung Galaxy A05: ubora wake, udhaifu wake, na nani hasa inamfaa

#1 – Mwenye uzi

Wakuu, habari za jioni.

Maswali kuhusu hii simu yamekuwa mengi, na majibu wanayopewa watu ni mawili tu: "chukua mkuu, hiyo ni Samsung" au "achana nayo, takataka". Hayo hayamsaidii mtu aliyejikusanyia laki tatu yake kidogo kidogo, ambaye akishanunua hii hana mpango wa kununua nyingine karibuni. Mimi ni fundi simu. A05 nazifungua mara kwa mara, na nyumbani ipo moja ambayo mama watoto anaitumia kutwa kwa biashara yake. Naandika ninachokiona mezani na ninachokiona nyumbani.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nao. A05 yenye RAM 6GB na memori 128GB ni simu ya kununua kama unachotafuta ni chaji inayokaa na apdeti za usalama. A05 yenye RAM 4GB na memori 64GB simshauri mtu aweke hela yake huko leo, hata akipunguziwa.

Kwanza hakikisha unajua unachonunua. Samsung walizitangaza simu mbili kwa pamoja mwishoni mwa Septemba 2023: A05 na A05s. Watu huzichanganya, na wapo wauzaji wanaofurahia watu wakizichanganya. A05s ina prosesa ya Snapdragon 680, kioo cha Full HD cha 90Hz (yaani kinajichora upya mara 90 kwa sekunde) na sehemu ya alama ya kidole ubavuni. A05 ya kawaida ina prosesa ya MediaTek Helio G85, kioo cha inchi 6.7 chenye pikseli 720 kwa 1600, 60Hz, na kidole haina kabisa. Geuza boksi usome namba ya modeli: inayoanza na SM-A055 ni A05, inayoanza na SM-A057 ni A05s. Ukilipa bei ya "s" ukapewa isiyo na "s", umepigwa.

BETRI. Hapa sina neno baya. 5000mAh siku hizi karibu kila simu inayo, kwa hiyo namba peke yake isikushtue. Kinachofanya A05 ikae na chaji ni kile kile ambacho watu wanakilalamikia: kioo. Pikseli chache na 60Hz ni kazi ndogo kwa prosesa, na betri hailiwi kwa pupa. Mtu wa WhatsApp, kupiga na kupokea, miamala na video mbili tatu, anatoka asubuhi na mia na anarudi usiku akiwa na akiba ya kumfikisha kesho mchana. Kwa anayekaa sehemu ya sola, au mtaa ambao umeme ukikatika hujui utarudi lini, hili ni jambo kubwa kuliko kamera.

APDETI. Hii ndiyo sababu ya pili ya kuipa heshima. Ilitoka na Android 13, na Samsung waliahidi matoleo makubwa 2 ya Android na apdeti za usalama za miaka 4. La Android wamelitimiza: ilipata 14, ikapata na 15. Ya 16 msiisubiri. Za usalama hesabu yake inafika 2027. Simu nyingi za bei hii za mwaka ule zilizaliwa na Android moja na zitazikwa nayo. Msidharau jambo hili mkadhani ni mapambo ya muonekano. Apdeti ya usalama inaziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanayajua kwa jina, na kwenye simu hizi ndimo zilimo pesa zetu, laini zetu zilizosajiliwa kwa NIDA, na picha za watoto wetu.

ALAMA YA KIDOLE. Sasa tuje kwenye kidonda. A05 haina alama ya kidole, si nyuma, si ubavuni, si kwenye kioo. Unabaki na PIN, mchoro, nywila au sura.

Watu wa mapitio husema "haina kidole lakini ina kufungua kwa sura" kisha wanaendelea na mambo mengine. Kwetu haliishii hapo. Sura ya A05 inasomwa na kamera ya mbele ya kawaida, na mfumo wa Android unaihesabu kuwa njia dhaifu ya utambulisho. Ndiyo maana programu nyingi za benki na za pesa, zile zinazokuruhusu kuingia kwa kidole, sura hiyo hazikubali. Matokeo yake unaingiza namba ya siri kila mara. Fikiria upo kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, umesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mtu wa nyuma kidevu chake kipo begani kwako, na duka linakusubiri utume hela ya mzigo. Mwenye kidole anagusa, programu inafunguka. Wewe unabonyeza namba zako nne au sita, moja moja, kwenye kioo cha inchi 6.7, na namba hizo ndizo za akiba yako yote. Mteja wangu mmoja alibadilisha namba ya siri ikawa tarakimu moja iliyorudiwa, kwa sababu alichoka kuandika. Simu ikimfundisha mtu kulegeza ulinzi wake, huo ni udhaifu wa simu, siwezi kuuita uzembe wa mtu.

Usiku ndiyo kabisa. Sura inataka mwanga, na gizani unarudi kwenye PIN.

RAM NA MEMORI. Memori ya ndani ya A05 ni eMMC 5.1, aina ya zamani inayosoma na kuandika polepole ukilinganisha na UFS, aina mpya yenye kasi. Kwenye simu mpya huoni tofauti. Utaiona baada ya memori kujaa, kwa sababu eMMC iliyojaa inakuwa nzito kuandika chochote, na kila kitu ndani ya simu kinaisubiri iandike.

Hapo ndipo toleo la 4/64 linapomuumiza mwenyewe. Katika hizo 64GB, mfumo unachukua fungu lake kubwa kabla hujaweka hata picha moja. WhatsApp ikifuata na makundi ya ukoo, ya kanisa au msikiti, ya shule ya mtoto, ya kikoba, kila kundi na video zake, nafasi inakwisha. Kadi ya memori inaingia, tena ina tundu lake peke yake bila kumnyang'anya mtu laini ya pili, na hilo nalisifu sana. Ila kadi inasaidia picha, video na muziki. Programu zenyewe na data zake zinabaki ndani.

RAM 4GB nayo ilitosha kwa Android 13. Kwa Android 15 inabanana. Dalili yake mnaijua wengi: unajaza fomu kwenye tovuti, unaambiwa umetumiwa namba ya uthibitisho, unatoka kwenda kwenye meseji kuisoma, ukirudi ukurasa umejipakia upya na ulichoandika chote kimefutika. Simu ilikosa nafasi ya kushika vitu viwili kwa wakati mmoja, ikautupa ukurasa wako.

Na tafadhali, muuzaji akikwambia "hii ina RAM 8 mkuu, 4 na 4", muulize nne ya pili iko wapi. Hiyo ni RAM Plus, yaani simu inakata kipande cha memori ya ndani, hiyo hiyo eMMC ya polepole, inakitumia kama stoo ya kupumzishia programu ambazo huzitumii kwa sasa. Inasaidia kidogo zisifungwe kabisa. Haiifanyi simu ya RAM 4 iwe simu ya RAM 8.

Kuna la 4/128 pia, ambalo watu huniuliza. Afadhali kuliko 4/64, maana memori haitajaa upesi, lakini tatizo la ukurasa kujipakia upya litabaki.

MENGINEYO kwa haraka. Spika ni moja, chini, inasikika vizuri chumbani na inapotea sokoni. Tundu la earphone lipo. Waifai inashika zote mbili, 2.4 na 5GHz. Mtandao ni 4G, 5G haina. Haina gairoskopu, kwa hiyo wachezaji wa PUBG mnaolenga kwa kuinamisha simu, hii si yenu. Haina dira: ukifungua ramani ukiwa umesimama, haijui umeelekea wapi mpaka uanze kutembea. Na kihisi cha ukaribu si cha kweli, simu inakisia kwa njia ya programu kama umeiweka sikioni. Ikikosea, kioo kinawaka katikati ya maongezi na shavu linabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Unabaki unaongea peke yako, na wa upande wa pili anakata akidhani mtandao mbaya. Hili la mwisho linaudhi sana, na sijawahi kuliona likitajwa dukani.

Karibuni kwa maswali na kwa wanaoipinga.

#2 – Mchangiaji, Mwanza

Mkuu asante kwa uzi. Mimi ninayo ya 6/128. Nakubali chaji inakaa, ila kujaa kwake ndiyo shida. Naiweka saa mbili usiku, saa tano bado inakwenda. Na boksini walisema ni 25W. Yangu mbovu?

#3 – Mwenye uzi

Simu yako ni nzima mkuu, chaja ndiyo siyo. Ile 25W ni uwezo wa simu kupokea, na uwezo wa chaja kutoa ni habari nyingine. Samsung walianza kuondoa chaja kwenye boksi na Galaxy S21 ya Januari 2021, na utaratibu huo ukashuka hadi kwenye simu za bei ya chini. Maboksi mengi ya A05 yana waya peke yake. Mtu anafika nyumbani anachomeka kichwa cha chaja cha simu yake ya zamani, cha 5W au 10W, halafu analaumu simu.

Ili upate 25W unahitaji vitu viwili. Chaja iwe ya USB Power Delivery yenye PPS, herufi hizo utazisoma kwenye maandishi madogo ya kichwa cha chaja. Na waya uwe Type-C pande zote mbili. Waya wenye kichwa cha USB cha kawaida upande mmoja hauwezi kufikisha kiwango hicho hata chaja iwe nzuri namna gani. Ukichomeka, angalia kioo kikiwa kimefungwa. Yakitokea maneno Super fast charging umepatia. Likitokea neno la kuchaji tu bila "fast", unachaji kwa mwendo wa zamani. Kwa chaja sahihi itajaa kwa saa moja na nusu hivi, pengine zaidi kidogo ukiwa unaitumia huku inachaji.

Na muwe makini na chaja za barabarani zilizoandikwa 65W kwa maandishi makubwa. Ninapozifungua hazina hata vipuri vya kuzuia umeme ukipanda ghafla. Umeme wetu mnaujua.

#4 – Mchangiaji, Dar

Mimi ni mama mjasiriamali, nauza madera na vitenge kwa WhatsApp na Instagram. Niliambiwa A05 ina kamera ya megapikseli 50 nikafurahi, lakini picha zangu za jioni dukani zinatoka kama zimepakwa unga. Rangi ya kitenge haionekani vizuri, mteja akipokea anasema siyo aliyoiona. Kuna namna?

#5 – Mwenye uzi

Dada pole, na swali lako ni la maana kwa sababu kwako picha ndiyo duka lenyewe.

Ile 50 inafanya kazi hivi: kamera inaunganisha vijipikseli vinne kuwa kimoja ili kikusanye mwanga mwingi, kwa hiyo picha ya kawaida unayopata ni ya megapikseli 12 na ushei. Si udanganyifu, simu karibu zote zinafanya hivyo. Kamera ya pili, ya megapikseli 2, haipigi picha yoyote ya maana. Kazi yake ni kusaidia kufifisha nyuma ya mtu. Ukiwauliza wauzaji wanakwambia "kamera mbili", lakini unayoifanyia kazi ni moja.

Kamera hiyo moja, mchana, ni nzuri kwa bei hii. Jioni chini ya taa ya duka kunakuwa na mwanga mdogo, na haina kitulizi cha lenzi cha kuzuia mtikisiko. Simu inalazimika kuongeza usikivu, chenga zinajaa, halafu programu inazipangusa chenga hizo na kupangusa nyuzi za kitambaa pamoja nazo. Huo ndio unga unaouona.

Fanya hivi. Piga picha za mzigo wako wote asubuhi saa tatu au saa nne, mlangoni, kwenye kivuli chenye mwanga, si juani. Jua la moja kwa moja linaua nyekundu na njano ya kitenge. Zima taa za ndani wakati huo, kwa sababu taa yenye rangi ikichanganyika na mwanga wa nje, simu inashindwa kuamua nyeupe ni ipi na rangi zote zinahama. Gusa kitambaa kwenye kioo kabla ya kupiga ili kamera ijipime hapo. Usikuze kwa vidole, sogea wewe. Na futa lenzi kwa kitambaa laini kila mara, maana kava nyingi za A05 zinaacha lenzi wazi na mafuta ya vidole yanakaa pale kutwa.

Mama watoto anauza vyombo vya udongo kwa njia hiyo hiyo na malalamiko ya rangi yamepungua sana.

#6 – Mchangiaji, Dodoma

Sikubaliani nawe mkuu. Kwa bei hiyo hiyo kuna Redmi 13C: prosesa ile ile Helio G85, kioo 90Hz, kidole ubavuni, kamera ya 50. Sasa mtu achukue A05 ya nini? Jina tu la Samsung.

#7 – Mwenye uzi

Hoja yako ni nzito, na kwenye karatasi umeshinda. Redmi 13C ya Novemba 2023 ni prosesa hiyo hiyo, na kidole inacho. Mtu anayefanya miamala njiani kila siku, akiniuliza kati ya hizo mbili, namwambia achukue Redmi. Nimeshaeleza juu kidole kinavyoniuma.

Ninapoiegemea A05 ni kwenye vitu vitatu. Inapokea 25W, 13C inapokea 18W. Muonekano wake ni mtulivu. Kwenye Redmi za kundi hilo matangazo yanajipenyeza hata kwenye programu za simu yenyewe, inabidi ukae chini uyazime kimoja kimoja, na mzee wangu wa kijijini hawezi kazi hiyo. La tatu ni la ufundi: vioo vya A05 vinapatikana kirahisi, vipo vya daraja zote.

Na hili la vioo niliseme kwa urefu kidogo, kwa sababu kioo ndicho kinachoniletea A05 nyingi kuliko tatizo lingine lolote. Ni LCD, si AMOLED, na hapo mwenye kipato kidogo ananufaika, maana LCD ikipasuka gharama haifanani kabisa na ya AMOLED. Lakini mwulize fundi wako anakuwekea kioo gani. Kopi inakuja na mwanga hafifu. Juani utaona kivuli chako kuliko meseji. Kopi mbaya zaidi tachi inajibonyeza yenyewe simu ikiwa kwenye chaji. Omba akiwashe kioo kabla hajakigundisha. Fungua ukurasa mweupe, angalia pembe nne kama kuna madoa ya kivuli, kisha buruta kialama kimoja cha programu polepole kutoka juu mpaka chini, kushoto mpaka kulia. Kikiangukia njiani, tachi hapo ni mfu. Fundi anayekataa kufanya hivyo mbele yako, beba simu yako uende kwa mwingine.

Mfuniko wa nyuma ni plastiki. Wengine wanauona wa kimaskini. Mimi naupenda, hauvunjiki vipande ukidondoka na ukifunguliwa unarudi. Tundu la chaji nalo lipo kwenye bodi ndogo ya chini, likilegea tunabadilisha bodi hiyo bila kugusa bodi kuu. Hayo yanapunguza bili ya mwenye simu kwa miaka yote atakayokuwa nayo.

#8 – Mchangiaji, Mombasa

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu A05 nyingi zatoka kwa mpango wa kulipa mdogo mdogo, kila siku watuma kiasi fulani kwa simu, ukikosa simu yajifunga. Ndugu yangu aliuziwa moja na mtu wa mtaani, bei nzuri, wiki chache baadaye ikajifunga. Akaipeleka kwa fundi ika-resetiwa, ikarudi vile vile. Yaweza kufunguliwa?

#9 – Mwenye uzi

Ndugu yangu pole, na naomba wote mlisome hili kwa sababu na huku kwetu mikopo ya simu imeenea.

Simu ile bado ina deni la mtu wa kwanza. Kufuli lake halikai kama programu ya kawaida ambayo ukifuta vyote inaondoka. Kwenye Samsung kuna mfumo uitwao Knox Guard: namba ya utambulisho wa simu yenyewe (IMEI) imeandikishwa kwenye seva, na simu ikiunganishwa tu na intaneti baada ya kufutwa, inauliza hali yake na kufuli linarudi. Fundi anayekuahidi kuifungua kwa hela kidogo atakula hela yako, au ataiharibu bodi. Njia halali ni moja, deni limalizwe na kampuni iliyoikopesha iitoe kwenye orodha.

Ndiyo maana simu ya mkopo ni hatari kuinunua mkononi. Wakati unaikagua inafanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu muuzaji bado hajachelewesha malipo. Anaichukua hela yako, anaacha kulipa, na anayefungiwa ni wewe. Kabla hujatoa hela, mwambie akuonyeshe ujumbe wa kumaliza deni, na piga mwenyewe kwa kampuni husika kwa namba yao rasmi, uwatajie IMEI. Akianza kukuharakisha, ondoka.

Kwa anayekopa mwenyewe kihalali, sina ubaya na mpango huo. Wapo wengi wasingepata simu bila huo. Ila zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku zote, jumlisha na kianzio, uone jumla kwa macho yako kabla ya kusaini. Tofauti na bei ya kulipa taslimu huwa kubwa.

#10 – Mchangiaji, Iringa

Mkuu mimi nimeshanunua 4/64, uzi wako umenikuta nayo mkononi. Mwanafunzi, sina hela ya nyingine. Inaganda sana sasa. Nifanyeje?

#11 – Mwenye uzi

Usikate tamaa mdogo wangu, inaweza kurudi kwenye hali ya kutumika vizuri tu.

Anza na WhatsApp. Ingia mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa picha na video kwa njia zote, wa bando na wa waifai. Kisha hapo hapo fungua usimamizi wa hifadhi, utaona makundi yaliyopangwa kwa ukubwa wa uzito wake. Futa video zilizosambazwa mara nyingi. Hizo hakuna atakayezidai. Nunua kadi ya memori halisi ya 64GB, hamisha picha zako, na ingia kwenye kamera uiambie ihifadhi kwenye kadi moja kwa moja.

Lenga kuacha 10GB au zaidi zikiwa tupu ndani ya simu. Ukifika hapo utaona mabadiliko kuliko utakayoyapata kwa programu zote za "kusafisha simu", ambazo nakuomba uzitoe leo. Zinakaa nyuma zikila RAM ile ile zinayodai kuiokoa, na zinakutupia matangazo.

Facebook na TikTok, kama huwezi kuziacha, chagua moja ibaki kama programu, nyingine uifungue kwa kivinjari. RAM Plus iache kwenye kiwango kidogo, usiweke cha juu. Memori yako haina nafasi ya kuchezea. Ukimaliza yote haya na bado inaganda, hifadhi vitu vyako kwingine uifute iwe kama mpya, halafu urudishe programu unazozihitaji tu, siyo zote kwa mpigo.

#12 – Mchangiaji, Dar

Nipo Kariakoo kesho, Aggrey. Nataka A05 ya 6/128 mpya. Nikague nini? Na je, nisubiri nichukue A06 au A07 badala yake?

#13 – Mwenye uzi

Kwanza ukaguzi. Boksi lifunguliwe mbele yako. Piga *#06#, IMEI zitatokea. Zilinganishe na za kwenye boksi, na hakikisha zinaandikwa kwenye risiti ya EFD. Tuma IMEI kwenda 15090 usome jibu linakutajia aina gani ya simu. Likitaja simu nyingine, rudisha. Huu mfumo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, si wa mchezo, usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima na watu waliamka na mikebe. Ingia mipangilio, kuhusu simu, usome modeli: SM-A055. Kwenye sehemu ya hifadhi isome 128GB, na RAM isome 6GB bila kuhesabu ile ya RAM Plus. Piga simu ukiwa pale pale, iweke sikioni, uone kioo kinazima. Weka laini mbili na kadi kwa pamoja. Risiti itunze, ukiibiwa ndiyo utakayoenda nayo polisi kuchukulia RB ili IMEI ifungiwe.

Kuhusu A06: ilitangazwa Agosti 2024, prosesa ni ile ile Helio G85, kioo ni kile kile cha 720 na 60Hz, chaji 25W ile ile. Walichoongeza kikubwa ni kidole ubavuni, na ilianza na Android 14, kwa hiyo ina mwaka mmoja mbele kwenye apdeti. Kama tofauti ya bei haizidi elfu hamsini, chukua A06 bila kufikiri mara mbili, nayo iwe ya 6/128.

A07 ya 2025 ni habari nyingine. Helio G99 ni prosesa ya nanomita 6 wakati G85 ni ya nanomita 12, inafanya kazi zaidi kwa joto kidogo. Kioo kimepanda hadi 90Hz, na ahadi ya apdeti ni miaka 6. Ukiweza kuifikia, hiyo ndiyo ya kukaa nayo. Usiweze kuifikia, na A06 usiione, A05 ya 6/128 itakufaa kwa mawasiliano na kazi. Ila miamala yako fanya ukiwa umekaa, mgongo ukutani. Uliza bei maduka matatu kabla ya kutoa hela, na urudi hapa utuambie umeipata kwa shilingi ngapi.